RAM Imejaa: Jua Nani Anaila Kabla Hujanunua Nyingine

Karibu kila wiki mtu huingia hapa Kondele na laptopu kwapani akaniambia maneno yaleyale: "Fundi, memori imejaa. Nimefuta picha zote na bado inaganda." Nimelijibu swali hilo kwa mdomo hadi nimeona heri niliandike, ili mtu aliye Siaya au Mumias asilipe nauli ya kuja Kisumu kwa jambo ambalo angelimaliza mezani kwake jioni moja.

Nianze na hizo picha, maana ndipo wengi hupotea. Kompyuta ina hifadhi mbili na sisi tumezoea kuziita zote memori. Ya kwanza ni diski: ile unayoambiwa ni GB 256 au 500, inayotunza faili zako hata mashine ikizimwa. Ya pili ni RAM: GB 4 au 8, ambayo hubeba tu kile unachokifanya sasa hivi na hufutika stima ikikatika. Mfikirie mama anayeuza nafaka soko la Kibuye. Ana stoo iliyojaa magunia, na ana meza mbele ya wateja. Diski ni stoo, RAM ni meza. Ukifuta picha umepunguza magunia stoo, lakini meza haijaongezeka hata inchi moja. Meza ikijaa, kila mteja akiagiza kitu kingine, mama hana budi kuondoa debe moja, alikimbize stoo, kisha arudi na jingine. Mbio hizo ndizo unazoziona mashine inapoganda na taa ya diski kumetameta bila kukoma. Kama diski yako ni ile ya zamani inayozunguka, stoo iko mbali. Kama ni SSD, ile mpya isiyozunguka, stoo iko nyuma ya meza tu.

Nadharia inatosha. Hatua zifuatazo ni za Windows 10 na Windows 11, kwa kuwa mashine nyingi zinazonijia, hasa zile za mitumba kutoka Ulaya, huwa na mojawapo. Wa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, nawawekea maneno yao mbele.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Utaandika namba mara tatu, na usipoziandika hutajua kama kazi yako imezaa chochote.
- Chaja, na tokeni za kutosha kwenye mita. Stima ikipotea ukiwa katikati ya kuondoa programu, na betri ni ya kizee, utakuwa umejitafutia kazi ya pili.
- Nakala ya faili zako muhimu kwenye flashi au mahali pengine salama. Hatua hizi hazigusi faili zako, lakini mimi sianzi kazi yoyote bila nakala.
- Nenosiri la msimamizi wa mashine. Kama ni mashine ya shule au ya ofisi, omba ruhusa kwanza.
- Saa moja isiyo na haraka.

Bisibisi usiitafute bado. Wengi wakimaliza hatua ya saba hawana tena haja ya kuifungua mashine.

Hatua ya 1: Iwashe upya, usiizime na kuiwasha

Hapa watu hunibishia sana. Kwenye Windows 10 na 11, ukibonyeza "Shut down", mashine nyingi hazizimiki kikamilifu. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka. Kwa hiyo uchafu wa juma zima unaweza kuendelea kukusanyika ingawa unaizima kila usiku. Ukichagua "Restart", kila kitu huanza upya kabisa. Hifadhi kazi yako, chagua "Restart", kisha subiri.

Ikishawaka, usiguse kitu kwa dakika tano. Windows ina shughuli zake za asubuhi, na ukipima mapema utapata namba za uongo.

Hatua ya 2: Pima kabla ya kufungua chochote

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Kama ni dogo na halionyeshi mengi, bofya "More details" chini yake. Nenda kwenye "Performance", kisha "Memory".

Andika mambo haya daftarini:

1. RAM yote, ile namba ya juu upande wa kulia.
2. Inayotumika, chini ya "In use".
3. Iliyo tayari kutumika, "Available".
4. Sloti (nafasi za kuchomeka RAM) zilizojaa, "Slots used". Kwa mfano 1 kati ya 2. Utaihitaji baadaye.
5. "Hardware reserved", yaani iliyozuiliwa na vifaa vya mashine yenyewe. Makumi au mamia machache ya MB si tatizo, hasa kama kifaa kinachochora skrini hutumia RAM hiyohiyo.

Utaona pia neno "Cached". Hiyo isikutishe. Ni RAM ambayo Windows imeweka vitu inavyodhani utavihitaji tena, na itaiachia mara tu programu nyingine ikiitaka. Mama wa Kibuye akiwa na nafasi mezani, si kosa kutanguliza maharage anayojua yataulizwa.

Kwenye mashine ya GB 4 yenye Windows 10, nikipima kabla ya kufungua kitu huwa nakuta kama nusu imetumika. Windows 11 huwa juu kidogo ya hapo. Ukikuta robo tatu au zaidi imekwenda na wewe hujafungua hata programu moja, kuna mgeni ndani ya nyumba, na hatua ya 6 itamtoa.

Hatua ya 3: Pima ukiwa kazini

Sasa fungua kila kitu unachotumia siku ya kawaida, pamoja na vile vya siku ya pilikapilika. Mzazi afungue kazi za watoto. Mwenye biashara afungue lile faili la Excel la kodi ya KRA analojaza kila Juni kabla ya tarehe 30. Fanya kazi kwa dakika kumi, kisha urudi Task Manager na uangalie namba mbili kwa pamoja: asilimia ya "Memory" na asilimia ya "Disk".

Usiisome asilimia ya RAM peke yake. RAM ikiwa 75 na diski imetulia, meza imejaa vizuri na biashara inaendelea. Uliinunua itumike. RAM ikipita 85 au 90 na diski nayo ikang'ang'ania 100, hapo ndipo mbio za stoo zimeanza. Na RAM ikiwa 50 huku diski iko 100, tatizo lako si RAM hata kidogo, ruka hadi kwenye sehemu ya matatizo.

Bado ukiwa hapo, nenda "Processes" na ubofye kichwa cha safu ya "Memory" ili wakubwa wapande juu. Andika majina ya watano wa kwanza na kiasi wanachokula.

*Onyo:* usianze kubofya "End task" kwa kila jina usilolijua. Baadhi ya majina hayo ni ya Windows yenyewe, na ukiyaua skrini inaweza kuwa nyeusi kabla hujahifadhi kazi. Jina geni litafute kwanza kwenye intaneti kwa simu yako.

Hatua ya 4: Kivinjari

Mara nyingi wa kwanza kwenye orodha ni kivinjari. Watu hushtuka wakiona Chrome imejiandika mara ishirini na wakadhani ni virusi. Sivyo. Tangu 2018, Chrome kwenye kompyuta huitenga kila tovuti katika chumba chake, ili tovuti mbovu isichungulie siri za nyingine. Ni ulinzi mzuri, lakini kila chumba kina gharama yake ya RAM. Edge nayo hutumia injini hiyohiyo, kwa hiyo kuhamia Edge ukitarajia muujiza ni kuhama nyumba ndani ya ploti moja.

Fanya hivi:

1. Hesabu vichupo (tab) vilivyo wazi. Kile ambacho hujakiangalia leo, kihifadhi kwenye alamisho (bookmark) kisha ukifunge. Najua unaogopa kukipoteza, ndiyo maana nimesema ukihifadhi kwanza.

2. Ndani ya Chrome, bonyeza Shift na Esc. Chrome ina Task Manager yake, na humo utaona kila kichupo na kila kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza ya kivinjari) na ulaji wake. WhatsApp ya kivinjari, barua pepe, YouTube na Facebook huwa ndio wazito. Ukurasa wa kawaida wa habari ukikuta unakula kama hao, ni matangazo yake.

3. Ondoa viendelezi usivyovitumia. Vile vya kuponi, vya kupakua video, vya kubadilisha rangi: kila kimoja hukaa mezani siku nzima hata kama unakitumia mara moja kwa mwaka. Kizuia matangazo kizuri ndicho pekee ambacho mimi hukiacha, kwa sababu mara nyingi hupunguza zaidi ya kile kinachokula chenyewe.

4. Kwenye mipangilio, fungua "Performance" na uwashe "Memory Saver". Vichupo vilivyokaa bila kuguswa vitalazwa, na ukivirudia vitajipakia upya. Edge ina mpango kama huo kwa jina la "Sleeping tabs". Kama wewe hujaza fomu ndefu za eCitizen au HELB, ongeza tovuti hizo kwenye orodha ya zile zisizolazwa, ili usirudi kutoka kupika ukakuta ukurasa unaanza mwanzo.

5. Bado kwenye mipangilio, upande wa "System", zima ile inayoruhusu kivinjari kuendelea kufanya kazi baada ya kufungwa. Hii wengi hawaijui. Unafunga Chrome, unaona imekwenda, kumbe iko nyuma ya pazia inaendelea kula.

6. Tumia kivinjari kimoja. Chrome na Firefox vikiwa wazi pamoja kwenye GB 4, umewalisha watu wawili kwa sahani ya mmoja.

Hatua ya 5: Rudi upime

Funga kivinjari, kifungue upya, rudia kazi ya hatua ya 3 na uandike namba mpya kando ya ile ya zamani. Watu wengine huishia hapa na hawana haja ya kuendelea.

Hatua ya 6: Wanaoamka na mashine

Mwalimu mmoja wa Luanda alinijia mwaka jana amekwisha kuamua.

"Fundi, niongezee RAM. Hii 4 haitoshi."

"Tuangalie kwanza, Mwalimu. Ukiiwasha huwa unafungua nini?"

"Word tu. Nina mtihani wa Gredi ya 9 wa kuchapa."

Tukapima. Kabla Word haijafunguliwa, GB 3.1 zilikuwa zimekwisha. Kulikuwa na antivirusi mbili, programu ya mikutano ya video aliyoitumia mara moja wakati wa semina, programu ya muziki, na kivinjari kilichojificha. Hakuna hata moja aliyokuwa ameiamuru iamke. Tulipozinyamazisha na kuiwasha mashine upya ikasoma GB 1.9, na Mwalimu akarudi Luanda na pesa yake mfukoni.

Kwenye Task Manager, tafuta "Startup" (Windows 11 huiita "Startup apps"). Utaona orodha ya programu zinazoamka na mashine, na safu inayokuambia kama mzigo wake ni mkubwa au mdogo. Bofya jina kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Disable". Hii haiondoi programu, huizuia tu kuamka bila kuitwa, na ukiihitaji utaifungua mwenyewe.

Za kuzima bila wasiwasi: programu za mikutano, za muziki, za michezo, za kusasisha printa, na zile za kampuni iliyounda laptopu zinazokukumbusha kusajili bidhaa.

Za kuacha: zenye majina ya sauti, ya kipadi cha kugusa, ya skrini, na ulinzi wa Windows. OneDrive ni wewe kuamua. Kama faili zako hujihifadhi huko, iache. Kama hujui ni nini, huenda huitumii, lakini hakikisha kwanza folda yako ya Documents haimo ndani yake.

Kuhusu antivirusi, weka moja. Windows ina yake ndani, na kwa mtu wa nyumbani anayesasisha mashine yake inatosha. Ile ya majaribio iliyokuja na laptopu na kuisha muda wake miaka miwili iliyopita haikulindi tena, lakini bado inakula. Iondoe kwenye "Settings", "Apps", kisha uwashe mashine upya.

*Onyo:* usipakue programu za "kusafisha RAM" au "kuongeza kasi". Hufanya jambo moja: huzisukuma programu zako kutoka mezani kwenda stoo kwa nguvu, namba ikashuka, ukafurahi, kisha dakika moja baadaye kila kitu kinarudishwa kutoka stoo na mashine inakuwa nzito kuliko awali. Na yenyewe inakaa mezani muda wote. Nyingine huja na matangazo au mambo mabaya zaidi. Hii nasema kwa uchungu, kwa sababu nimeziondoa kwenye mashine za wazee waliozilipia.

Hatua ya 7: Stoo iwe na nafasi

RAM ikizidiwa, Windows hutumia sehemu ya diski kama meza ya akiba. Diski ikijaa pomoni, meza hiyo haina pa kutanuka na utaanza kuona ujumbe kwamba kompyuta imeishiwa memori. Kwa hiyo kufuta picha na filamu kuna faida hapa tu, kwenye diski iliyojaa kabisa. Hakikisha kuna GB 20 hivi zisizotumika.

Mtu atakushauri uizime kabisa meza hiyo ya akiba ili mashine iwe nyepesi. Usifanye. Programu zitaanza kufa katikati ya kazi bila kukuaga. Iache Windows iipange yenyewe.

Hatua ya 8: Sasa amua kama utanunua

Washa upya, pima tena kama hatua ya 3. Kama RAM bado inapita 85 na diski bado inapiga mbio ukifanya kazi zako za kawaida, basi meza kweli ni ndogo, na sasa ununuzi una sababu. Lakini angalia kwanza diski. Kama ni ile ya kuzunguka na una pesa ya kitu kimoja, mara nyingi mimi humshauri mtu aanze na SSD. Diski ya kuzunguka husoma kama MB 100 hadi 150 kwa sekunde faili likiwa limenyooka, na hushuka vibaya mno linapokuwa vipandevipande. SSD ya kawaida ya SATA hufika kama MB 500. Hata mbio za stoo zikiendelea, zitakuwa fupi. Kama tayari una SSD, nenda kwenye RAM.

Kabla ya kutoa pesa, jibu maswali manne:

*Je, mashine inaongezeka?* Baadhi ya laptopu nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao. Lenovo X1 Carbon ni mfano, na MacBook Air. ThinkPad X260 ina sloti moja tu, kwa hiyo kuongeza ni kubadilisha. HP EliteBook 840 G3, ambayo iko kila kona hapa magharibi, ina sloti mbili. Daftari lako la hatua ya 2 linakuambia ngapi zimejaa.

*Ni aina gani?* DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani. DDR4 ina mkato mahali tofauti na DDR3, kwa hiyo haikai hata ukilazimisha. Binti mmoja wa chuo pale Maseno aliuziwa DDR4 kwa ThinkPad T450, ambayo ni ya DDR3L, akakandamiza hadi klipu ya pembeni ikavunjika. Duka lilikataa kurudisha pesa. Hatari iliyojificha zaidi ni DDR3 na DDR3L: mkato ni uleule, zinaingia vizuri, lakini ya kwanza hutaka volti 1.5 na ya pili 1.35. Mashine inayotaka DDR3L pekee huenda isiwake na DDR3 ya kawaida. Soma kibandiko: PC3L ndiyo yenye volti ndogo, PC3 bila L siyo.

*Ni ya laptopu au ya mezani?* Ya laptopu ni fupi, karibu nusu ya ile ya mezani. Muuzaji mwenye haraka anaweza kukupa isiyo yako.

*Windows yako ni ya biti ngapi?* Fungua "Settings", "System", "About". Kama ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ukiweka 16, na kwa kweli utaona kama GB 3 na kitu. Badilisha Windows kwanza.

Nenda na kipande cha zamani mkononi, au picha yake safi ya kibandiko. Omba kiwekwe palepale dukani, mashine iwashwe, na Task Manager ifunguliwe mbele yako kabla hujalipa. Muuzaji wa haki hatakataa.

Ukiweka mwenyewe: zima kabisa, chomoa chaja, toa betri. Betri ikiwa ya ndani, fungua kifuniko na uchomoe waya wake kwenye ubao kabla ya kugusa kitu kingine. Shika chuma ili umeme tuli ukutoke. Ingiza kipande kwa mshazari, kama nyuzi 30, hadi meno ya dhahabu yasionekane sana, kisha kilaze hadi klipu zote mbili zilie. Klipu moja ikilia na nyingine ikanyamaza, hakijakaa.

Kama unataka kuhamia kwingine

Microsoft iliacha kuisaidia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na sasa watu wananiuliza kama wapande hadi Windows 11. Kwenye GB 4 sikushauri. Ndiyo, 4 ndicho kiwango cha chini kilichotangazwa, lakini ni kiwango cha kuingia mlangoni, si cha kukaa sebuleni. Tena mashine nyingi za mitumba zina prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7, ambazo kwa sehemu kubwa hazimo kwenye orodha ya Windows 11.

Kwa mashine hizo mimi huweka Linux Mint, toleo jepesi la Xfce. Yenyewe hutaka GB 2, na 4 ndiyo inayopendekezwa. Ijaribu kwanza ikiendeshwa kutoka kwenye flashi ya GB 8 bila kugusa diski yako, kwa siku mbili tatu, ingawa kwenye flashi itakuwa nzito kidogo. Kama riziki yako iko kwenye faili za Excel zenye makro, zijaribu humo kabla ya kuamua chochote, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama.

Kupima RAM kwenye Linux, fungua Terminal, dirisha la kuandika amri, na uandike `free -h`. Usisome safu ya "free", itakuogopesha bure. Soma "available".

Matatizo yanayorudi mara kwa mara

*RAM iko chini lakini mashine bado nzito, diski iko 100.* Bofya safu ya "Disk" uone nani anaisoma. Mara nyingi ni masasisho ya Windows au ulinzi wake unakagua faili. Jina la "Antimalware Service Executable" ndilo hilo la ulinzi, liache limalize. Ikiendelea siku nzima na diski ni ya kuzunguka, huenda inakufa. Nakili faili zako leo.

*Nimeweka 8, inaonyesha 4.* Zima, toa kipande, kirudishe vizuri. Kisha jaribu kila kipande peke yake katika kila sloti, utajua kibovu ni kipi kati ya kipande na sloti. Kama vyote ni vizuri, andika `msconfig` kwenye kisanduku cha kutafutia, nenda "Boot", "Advanced options", na uangalie kama kuna mtu aliyeweka alama kwenye "Maximum memory". Iondoe. Hiyo alama huwekwa na watu waliosoma ushauri mbaya wakidhani inaongeza kasi, kumbe inaweka kikomo.

*Haiwaki kabisa, au inalia milio, au taa ya Caps Lock inawaka na kuzimika.* Kwa kawaida RAM haijakaa au si ya aina yake. Rudisha ile ya zamani peke yake. Ikiwaka, mashine yako ni nzima na kosa liko kwenye kipande kipya.

*Inawaka, kisha skrini ya buluu mara kwa mara tangu niongeze.* Andika `mdsched` kwenye kisanduku cha kutafutia, ikubali kuwaka upya na kupima. Ikikuta kosa, kirudishe kipande dukani na usijaribu kukivumilia, kwa sababu RAM mbovu huharibu faili kimyakimya wakati wa kuhifadhi.

*Asubuhi ni nyepesi, jioni RAM imepanda na sijaongeza kitu.* Kuna programu inayochukua bila kurudisha. Rudi kwenye safu ya "Memory" kila saa moja, uandike wale watano wa juu. Anayepanda kila mara bila kushuka ndiye huyo. Mfunge, umsasishe, na akirudia mtafutie mbadala. Kama hakuna anayepanda lakini jumla inapanda, angalia "Non-paged pool" kwenye ukurasa wa "Memory". Ikiwa imefika GB moja au zaidi, mhusika kwa kawaida ni draiva (programu inayoendesha kifaa), hasa ya mtandao. Sasisha draiva ya Wi-Fi kutoka kwa kampuni iliyounda laptopu, washa upya, na upime tena jioni ya siku inayofuata kwa saa ileile.